Kwa Asiyeuliza

Tartu, Februari, saa kumi na mbili jioni.
Chini ya chumba cha Urve mwoka mikate anafunga duka,
mtoni barafu inalia kama bawaba isiyotiwa mafuta.
Mbele yake skrini nyeusi na swali dogo,
dogo hata anaona haya kulitaja mezani:
mtu akiandika neno moja tu, "orodhesha",
akabonyeza, akanyamaza,
tumwonyeshe nini?

Jina la kifurushi, sawa. Toleo lake, sawa.
Ukubwa? Tarehe? Leseni?
Ile alama ya herufi sitini na nne
ambayo hakuna binadamu aliyeisoma hadi mwisho?

Rasmus anataka vyote. Habari haiozi, anasema, mwaga.
Leelo anataka rangi: nyekundu kwa kinachotoka,
kijani kwa kinachoingia.
Priit, ambaye macho yake hayajawahi kuzitenga hizo mbili,
anacheka: "Kwangu basi wanaokuja na wanaokwenda
wote wamevaa shati moja la udongo."

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, ndivyo tulivyofundishwa.
Lakini huyo asiyeuliza
ndiye anayepikiwa hapa usiku huu.
Anayeuliza ana kurasa mia mbili za maelezo,
atajitafutia chumvi.

Urve anamwaza shangazi yake, Helju wa Võru,
mkutubi, kompyuta tatu na printa moja kaidi.
Vuli iliyopita mashine ilimuuliza: Niendelee?
baada ya mistari mia nne kupita mbio
kama treni isiyosimama kituo kile.
Mstari wa mia mbili na kumi na tisa ulisema,
kwa sauti ile ile ya wenzake,
kwamba programu ya kuazimisha vitabu itaondolewa.
Helju akajibu ndiyo.
Nani asingejibu ndiyo?
Wiki mbili aliandika waazimaji kwa penseli.
Hakumlaumu mtu. Alisema tu, "Sikuona."

Na lilikuwepo. Lote lilikuwepo.
Kumbe unaweza kumficha mtu kitu
kwa kumwonyesha kila kitu.

Basi anaandika.
Vinavyotoka vitangulie juu, kwa neno zima: VINAONDOLEWA.
Rangi ije nyuma, iwe pambo, isiwe shahidi.
Ukubwa uwe namba ambayo mtu anaweza kuitamka
huku mkono mmoja ukiwa bado ndani ya koti.
Skrini ikiwa nyembamba, yakatwe maelezo;
jina lisikatwe kamwe.
Na matokeo yakipelekwa kwenye faili
yavuliwe urembo wote, faili halijitazami kiooni.

Halafu mti.
Mti wa nani anamtegemea nani, matawi juu ya matawi,
majira matatu ya baridi aliyoyala yeye mwenyewe,
kila kijitawi akikijua kilipoumia.
Uonekane bila kuombwa?
Anainuka, anakunywa maji yasiyo na kiu.
Anarudi.
Anaandika: hapana.

Mgeni siku mbili; siku ya tatu mpe jembe.
Chaguo-msingi ni zile siku mbili:
sahani moja, kiti kimoja, taa isiyomchoma macho.
Jembe lipo nyuma ya mlango, mpini umesuguliwa,
na atakayelitaka atajua pa kunyoosha mkono.
Ila asikabidhiwe kizingitini,
viatu bado vina theluji.

Kesho Rasmus atanung'unika, na pengine ana haki.
Mtu wa pili atasema mmetufanya watoto.
Wa tatu hatasema lolote,
na huyo wa tatu ni wengi mno.

Usiku anapiga simu Võru.
Helju anasimulia paka, goti, bei ya kuni.
"Na mashine?"
"Mashine? Zipo tu. Kwa nini?"
"Basi tu," anasema Urve,
na sikio likiwa bado kwenye simu
anaitoa safu ya tarehe,
anaitazama orodha ilivyobaki,
anairudisha.